Sikio la Zuwena

Zuwena alikuja Birmingham mwaka huu, miezi michache baada ya kumzika Baba, na jambo la kwanza alilolifanya sebuleni kwangu Sparkhill ni kulia. Hakulia kwa kelele. Aliketi kwenye kochi la dirishani, akavua miwani, akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakawa yanapanda na kushuka. Binti yangu Salha, ambaye hakuwahi kumwona kabla ya siku ile, alikwenda kumkalia karibu na kumshika mkono. Mimi nilibaki nimesimama na sinia ya chai. Tangu Baba alipofariki, kuanzia kuoshwa na kusaliwa mpaka khitma iliyojaa watu hadi ngazini, nilikuwa nimeshughulikia kila kitu isipokuwa kulia. Na sasa mwanamke aliyeishi nyumbani kwetu mwaka mmoja tu, tulipokuwa wasichana, ameingia, koti bado liko mwilini, na machozi yamemjia bila shida. Kitu kikanigusa kifuani ambacho nilidhani kilikwisha zamani. Nilikitambua papo hapo. Ulikuwa wivu. Jikoni Salha, anayeelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, aliniambia kwa sauti ya chini, "Mum, she's lovely. How come you never talk about her?" Nikamwambia apeleke sukari.

Sikuwahi kumzungumzia kwa sababu sikuwa na kisa cha kusimulia. Hakunifanyia ubaya wowote, wala mimi sikumfanyia. Angenikosea ningemsamehe, na ningemkosea ningemtaka radhi, mambo yakaisha. Lakini wivu usiokuwa na kosa ndani yake hauna mtu wa kuupeleka kwake. Unakaa nao tu. Mara ile ya kwanza Zuwena alifika mwishoni mwa kiangazi, mimi nikiwa na miaka kumi na tano, yeye amenizidi mwaka mmoja. Alikuwa binti wa rafiki yake Baba wa Unguja, na aliletwa kutibiwa jicho la kushoto katika hospitali kubwa iliyo upande wa Harborne. Nyumba yetu ya Sparkbrook ilikuwa moja ya zile nyumba za matofali mekundu zilizobanana ubavu kwa ubavu, vyumba viwili juu na viwili chini, kwa hiyo kitanda chake kiliwekwa chumbani kwangu, na kabati langu likagawanywa nusu kwa nusu. Siku ya kwanza Mama aliniita jikoni akaniambia, "Mwite Da Zuwena. Amekuzidi." Nikasema haya. Mpaka wakati huo mimi ndiye nilikuwa mkubwa wa nyumba ile, na pia mdogo, kwa kuwa nilikuwa peke yangu.

Chumba cha nyuma kilikuwa cha Baba. Baba alitengeneza redio na vinasa sauti vya watu wa mitaa yetu yote, kuanzia Ladypool Road mpaka kule juu, na chumba kilinuka risasi ya kulehemu na mafuta ya taa ya jiko dogo la kupasha joto lililokuwa pembeni. Meza ilikuwa kitako cha cherehani kuukuu cha Mama. Juu yake kulikuwa na televisheni ndogo, redio kaseti bapa, na kompyuta yangu. Nasema yangu kwa sababu ndivyo Baba alivyoniambia. Mteja mmoja aliileta ikiwa imekufa, Baba akahangaika nayo mpaka ikafufuka, mwenyewe akawa keshahama mji. Baba aliisubiri iulizwe mwaka mzima, kisha akaniwekea mbele ya sahani yangu ya chakula siku moja na kusema, "Hii yako, Raya. Ukiielewa, nawe utanifundisha." Ilikuwa ndogo, nyeusi, ina vitufe vya mpira vilivyobonyea kama ulimi. Sikujua msichana mwingine yeyote wa rika langu aliyekuwa na kitu kama kile.

Vijana wa leo hawaamini nikiwaambia mashine ile haikuwa na pa kuweka kitu. Ukizima umeme, kila ulichokiandika kimepotea. Kilichoiokoa kazi yako ni kaseti, ile ile ya kawaida ambayo watu walisikilizia mawaidha na taarabu. Unaunganisha waya kati ya kompyuta na redio kaseti, unabonyeza kurekodi, na maandishi yako yanageuka mlio. Ukitaka kuyarudisha unaicheza kaseti, kompyuta inausikiliza mlio dakika kadhaa huku mistari ya rangi inatambaa pembezoni mwa televisheni, na ukijaaliwa, kazi yako inatokea tena kama ulivyoiacha. Usipojaaliwa, unaambiwa kuna kosa, unarudisha mkanda nyuma, unaanza upya. Mlio wenyewe ulikuwa mkali na wa kukwaruza, na Mama alifunga mlango kila aliposikia tumeanza. Tatizo mara nyingi lilikuwa kichwa cha redio kaseti, kile kidude kinachosoma mkanda. Kikiinama kidogo tu, mlio unafifia, na kompyuta haiuelewi. Baba alikuwa na bisibisi nyembamba ya kukinyoosha. Aliizungusha skurubu taratibu huku ameinamisha kichwa, na kuniambia, "Sikiliza. Unasikia umefunguka?" Nami nilisema ndiyo. Sikuwa nikisikia kitu. Kwangu mimi ulikuwa mlio ule ule, mwanzo mpaka mwisho.

Daktari alimkataza Zuwena kusoma, kushona na kutazama televisheni mpaka jicho lipone. Alikuwa na pamba na plasta usoni, Kiingereza hana, na nje kumeingia baridi ambayo hakuwahi kuiota. Basi alikaa chumba cha nyuma kwa kuwa ndicho kilichokuwa na joto. Aliketi upande wa redio kaseti, ameipa televisheni mgongo, amejitanda kanga juu ya sweta la Baba. Nilimwonea huruma, nataka hilo lijulikane. Nilimpikia chai ya tangawizi na kumchukulia mandazi aliyokaanga Mama. Kisha jioni moja, nikiwa nangojea mchezo wangu uingie kwenye kompyuta kutoka kaseti, alisema bila kugeuka, "Huu hautaingia."

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Unaburura. Pale katikati sauti imeshuka."

Na kweli haukuingia. Baba aliyekuwa analehemu kitu mezani aliinua uso. Aliurudisha mkanda mwanzo akaucheza tena, safari hii akimtazama Zuwena, na mlio ulipofika pale Zuwena alinyanyua kidole. Baba akatabasamu tabasamu nililokuwa nikilijua vizuri, maana mpaka siku ile lilikuwa tabasamu langu. Akampa bisibisi. "Hebu wewe jaribu," akamwambia. Zuwena alizungusha, akasimama, akarudisha nyuma kidogo, na mlio ukawa, kwa maneno ya Baba, umefunguka. Mchezo uliingia mara moja. Nimewaza sana tangu hapo kama kilikuwa kipaji. Nadhani hapana. Hakuwa na kazi nyingine. Angeruhusiwa kutazama angetazama, lakini alichoachiwa ni kusikia, na alikaa na mlio ule kutwa, mimi nikiwa shule, mpaka akaujua kama mtu anavyoujua mlango wa nyumba yao.

Baada ya hapo nikirudi shule niliwakuta wameketi pamoja. Baba alikuwa amemfundisha kufungua redio, kusafisha vichwa kwa pamba na spiriti, kuunga mkanda uliokatika. Wateja walimzoea. Mama wa Kipakistani wa nyumba ya tatu alimletea biriani kwenye bakuli lenye mfuniko, akisema ni ya yule binti wa redio. Binti wa redio. Mimi niliyezaliwa mtaa ule alinijua kwa jina la baba yangu tu. Kwenye chakula Baba na Zuwena waliongea habari za nyaya, na nilipotia neno langu la kompyuta Baba alinijibu vizuri, kwa adabu, kama unavyomjibu mgeni. Zuwena alimwita Ami. "Ami, ile ya mzee wa duka la nyama inavuma." "Ami, mpira wake umelegea." Nilijikuta nahesabu ni nani kapewa paja la kuku. Siku moja, nikiwa ngazini na nguo za kuanika, niliwasikia jikoni. Mama alisema, "Huoni mwanao anavyonuna?" Baba akajibu, wala hakupunguza sauti, "Raya ana macho mawili." Nilikaa pale ngazini na zile nguo mbichi mapajani mpaka baridi yake ikanifika mwilini. Baba alikuwa na haki, na ndiyo iliyonikasirisha. Ningependa kumwonea wivu mtu mwenye afya kamili.

Nikaamua nitamshinda kwa kile asichoweza. Nilikuwa sijawahi kutunga mchezo wangu mwenyewe, nilikuwa nikinakili tu ile iliyochapwa kwenye magazeti ya kompyuta. Majira yale ya baridi nilianza kutunga mchezo wa basi linaloshuka Stratford Road. Unalisimamisha vituoni, unapakia abiria, unakwepa magari yaliyoegeshwa ovyo mbele ya maduka ya nguo. Nilimweka hata bibi mmoja mwenye mfuko mzito, ukimwacha anapiga kelele. Zuwena hakuweza kuuona. Nilifurahi kwamba hakuweza kuuona. Alikaa pale pale na mgongo wake, akiniuliza, "Sasa basi liko wapi?" nami nikimjibu kwa kifupi. Kila jioni nilipomaliza yeye ndiye aliyehifadhi kazi yangu kwenye kaseti, kwa kuwa akihifadhi yeye haikupotea hata mara moja, na nikihifadhi mimi hakukuwa na uhakika.

Shuleni kulikuwa na mwalimu wa hesabu, Bwana Hadley, mwembamba, mwenye chaki kwenye mikono ya koti, aliyekuwa anaendesha kikundi cha kompyuta baada ya masomo. Alitutangazia kuwa chuo kimoja mjini kitafungua darasa la Jumamosi la kutunga programu, na shule yetu imepewa nafasi moja. Kila mmoja alete kaseti ya kazi yake, zitachezwa mbele ya wote, na kazi bora itachaguliwa. Nilijua hakuna mwenye kitu cha kulinganishwa na basi langu. Baba alinisikiliza nikieleza kisha akasema, "Redio kaseti ya shule si hii ya kwetu. Kichwa chake kitakuwa kimekaa vingine. Mchukue Zuwena."

"Sitaki," nikasema.

"Kazi yako ikikataa kuingia, nani atajua kama umefanya?"

Nikamchukua. Tulitembea pamoja Zuwena akiwa na koti la Mama lililomzidi na plasta yake jichoni, amenishika mkono barabarani kwa sababu magari ya upande ule hakuyaona. Ikawa kama Baba alivyosema. Kaseti ya kwanza, ya mvulana mmoja wa darasa la juu, ilikataa. Ya pili ikakataa. Bwana Hadley alianza kuwa mwekundu masikioni. Nilimgusa Zuwena, akasogea, akatoa bisibisi ya Baba mfukoni, akainamia ile redio kaseti na kusikiliza. Akazungusha kidogo. Kaseti yangu ndiyo iliyokuwa ndani, na basi langu likatokea, likashuka Stratford Road, na kwa muda mfupi darasa zima lilicheka bibi alipopiga kelele. Ulikuwa muda mfupi kweli. Kwa sababu mtu wa nyuma akasema, je, anaweza na ya kwangu? Kila kaseti ilikuwa imerekodiwa nyumba tofauti, kwenye mashine tofauti, na Zuwena alizipokea moja baada ya nyingine, akasikiliza, akazungusha, na kazi zilizokuwa zimekufa zikafufuka. Walisogeza viti kumzunguka. Hakuna aliyekuwa anatazama televisheni tena. Walikuwa wanatazama uso wake akisikiliza.

Mwisho Bwana Hadley akaniita. "Mwambie dada yako," akasema, "kwamba sijawahi kuona kitu kama hiki. Muulize kama atajiandikisha hapa shuleni. Akijiandikisha, ile nafasi ningependa kumpa yeye."

Zuwena alinitazama kwa jicho lake moja akingoja. Hakuelewa hata neno. Nimefundisha vyuoni zaidi ya nusu ya maisha yangu, nimesimama mbele ya watu wengi, na sijawahi kubeba maneno mazito kama yale. Nikamwambia yote, kama yalivyosemwa, sikupunguza.

Akacheka kidogo. "Mwambie mchezo wa basi ni wako. Umeutunga miezi. Mimi nimegeuza skurubu tu. Mwambie nafasi ni yako."

Sasa nilitakiwa niyageuze hayo kwa Kiingereza, kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya mwalimu. Nikasema. Bwana Hadley alinitazama kwa upole, tabasamu la mtu mzima aliyemfuma mtoto. "Kasema hivyo kweli?" akauliza. Watu wawili watatu wakacheka. Kila neno ambalo ningeongeza lingezidi kunitia hatiani. Zuwena hakuelewa maneno lakini alielewa kicheko. Akamgeukia mwalimu na kwa Kiingereza chake cha kuokoteza kwa wateja wa Baba akasema, pole pole, maneno ambayo kwa Kiswahili yangekuwa hivi: "Yeye fanya. Mimi sikia." Akaninyooshea kidole mimi, kisha akagusa sikio lake. Bwana Hadley aliacha kutabasamu. Nafasi nikapewa mimi.

Tulirudi nyumbani. Nilipaswa kumshukuru, na nilimshukuru, nilisema ahsante tulipofika kona yetu. Lakini nilikuwa nimepata kitu changu kutoka mkononi mwake, na nilimwonea wivu hata wema wake, kwa sababu ulimtoka kwa urahisi, na najua ungenitoka kwa shida. Mama alipika wali wa nazi na mchuzi wa samaki siku ile kunipongeza. Baba alitaka kusimuliwa jinsi Zuwena alivyozungusha ile skurubu. Akarudia kuuliza.

Jicho lilipona kiangazi kilichofuata, si lote, lakini la kutosha kusomea. Siku ya safari mizigo ilipangwa barazani, na kati ya masanduku nikaona boksi dogo limefungwa kamba. Niliijua kamba ile, ya chumba cha nyuma. Nilikwenda kutazama meza. Palikuwa na televisheni na redio kaseti, na mahali pasipo na vumbi, penye umbo la kitu kilichoondolewa.

"Uliniambia yangu," nikamwambia Baba.

"Wewe una chuo kila Jumamosi," akasema. "Kule zipo nyingi kuliko hii. Yeye anarudi kwenye nini?"

Nilitaka kumwambia kwamba sizungumzii kompyuta. Zuwena alinikumbatia, nami nikamkumbatia, na gari likaondoka. Nikaenda chuo, nikasoma, nikawa mwalimu wa mambo hayo hayo, nikaolewa, nikanunua nyumba mitaa miwili mitatu kutoka kwa Baba. Nilimpelekea chakula, nikampeleka hospitali, na alipoanza kusahau majina nilikaa naye. Hatukuwahi kuizungumzia siku ile. Hatukuwa watu wa kuzungumza sana, mimi na yeye. Ukimtembelea alikuuliza hali, akakupa chai, akarudi kwenye redio zake.

Wiki aliyokaa kwangu, Zuwena na mimi tulikula pamoja kila mchana Salha akiwa kazini. Siku ya tatu, nikimwongeza mchuzi, nilimuuliza kompyuta ile iliishia wapi. Akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Televisheni ilikuwa moja tu nyumba nzima, akasema, ya mjomba wake, na mjomba hakukubali izimwe taarifa ya habari kwa ajili ya mistari ya rangi. Aliwasha mara moja, mjomba akiwa msibani, kisha umeme ukaja kwa nguvu ukaiunguza. Ndiyo ukawa mwisho wake. "Lakini nilishajua kusikiliza," akasema. "Nikaingia redioni, chumba cha mitambo. Mpaka nimestaafu. Ami ndiye aliyenitia moyo, kila kaseti ananiambia usiache."

"Kaseti zipi?"

Akanitazama, akaona sijui. "Alikuwa akinitumia. Akipata mtu anayekwenda Unguja. Anakaa anazungumza upande mzima, na wa pili. Miaka mingi, mpaka simu zilipokuja."

Nilimuuliza alizungumza nini. Lazima sauti yangu ilikuwa na kitu, kwa maana alichagua maneno. Hali ya hewa, akasema. Redio ya nani imemshinda. Bei ya vitunguu Ladypool Road. Nikamuuliza kama alinitaja. "Alikutaja," akasema. "Si sana." Hakunidanganya, na nilimheshimu kwa hilo, na iliniuma. Nikamuuliza kaseti hizo ziko wapi sasa. Akainamisha macho. Kaseti zilikuwa adimu miaka ile, hata pale redioni, alisema, na zilipowaishia alikuwa akipeleka kazini zile za Baba moja moja na kurekodi juu yake vipindi vya watu. Haikubaki hata moja. Siwezi kusema sikufarijika. Kwa muda tulikuwa sawa, yeye hana, mimi sina.

"Lakini nazijua," akasema Zuwena. Akavua miwani akaiweka kando ya sahani, akafumba macho. Akavuta pumzi kwa pua, kwa namna ya mtu anayejiandaa kunyanyua kitu kizito, akakohoa mara moja, kikohozi kifupi kilichokatika katikati, kikohozi cha Baba. Kisha sauti nzito, yenye vituo mahali pasipostahili kituo, ikaanza kusema, "Zuwena, mwanangu. Hapa hatujambo. Mvua tu. Vitunguu vimepanda tena, yule mtu wa kona ana roho mbaya..."

Mwanangu. Alimwita hivyo, kila mara, upande mzima na wa pili. Nilitaka kumwambia anyamaze. Alikuwa na kituo cha Baba, na kikohozi chake, na ile namna ya kumeza neno la mwisho ambayo nilikuwa nimeishi nayo maisha yangu yote bila kuisikia. Zuwena alikatiza akafumbua macho, akanitazama kuona kama amekosea.

"Endelea," nikamwambia. "Vitunguu vilikuwaje?"

Akaendelea. Niliona wivu kwa kila neno, na sikutaka hata moja lifike mwisho.